Sauti za Ndege na Wadudu katika Maneno ya Watu: Funzo kwa Sikio la Mlinzi

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mlinzi wa usiku hana mawingu ya kutazama. Giza likishatanda, macho yake hupungukiwa na kazi, na sikio ndilo linaloshika zamu. Askari aliyesimama lindoni juu ya kilima cha Nyamugari, iwe Nyamugari ya upande wa Gitega au ile ya upande wa Muyinga, kwa maana jina hilo lapatikana pande zote mbili, huzungukwa usiku kucha na sauti zisizo za watu. Nyenje hulia nyasini, bundi huguna mtini, mbu hupita karibu na shavu, na alfajiri jogoo wa jirani hutangaza kwamba zamu inakaribia kwisha.

Sauti hizo zote zina majina, na baadhi ya majina hayo hayakutungwa na mwalimu wala mshairi. Yalitungwa, kwa namna ya kusema, na ndege na wadudu wenyewe; binadamu akayadaka kwa sikio na kuyatia kinywani mwake. Wataalamu wa lugha huyaita tanakali za sauti, yaani maneno yanayoiga mlio wa kitu kinachotajwa.

Makala haya yanakusudia kuyaeleza maneno ya namna hiyo, hususan yale ya Kiingereza, na kuyalinganisha na ya Kiswahili na ya Kirundi. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo wanajeshi wake wa kwanza wakawasili Mogadishu katika kikosi cha Umoja wa Afrika. Tangu hapo Kiingereza kiliacha kuwa lugha ya mbali kwa mtu avaaye sare.

Huenda ukauliza, ndugu msomaji, mlio wa nyuki unahusiana nini na bunduki au pingu? Unahusiana sana, kama itakavyodhihirika. Liko neno lililoanza mzingani likaishia kuwa jina la silaha. Na liko jingine lililotokana na mlio kama wa nyuki, likaishia kuwa jina la jambo linaloweza kuua watu wengi bila hata risasi moja kufyatuliwa.

JOGOO MMOJA, LUGHA NYINGI

Tuanze na jogoo, kwa kuwa hakuna kambi wala kituo cha polisi kisichomsikia. Waswahili husema jogoo anawika, na mlio wake huuiga kwa kusema "kokoriko". Wafaransa husema "cocorico". Wajerumani husema "kikeriki". Waingereza, ambao katika jambo hili wamekwenda mbali kuliko wote, husema "cock-a-doodle-doo". Jogoo wa Gitega na jogoo wa London hawana tofauti ya koo. Tofauti imo katika masikio na midomo ya wanaowasikiliza.

Kila lugha ina sauti zake ilizozizoea na mpangilio wake wa silabi. Mtu anapotaka kuiga mlio wa mnyama, hana chombo kingine isipokuwa sauti za lugha aliyolelewa nayo. Kwa hiyo mlio wa jogoo hupita kwanza katika chujio la lugha, na kinachotoka upande wa pili ni neno la Kijerumani, la Kifaransa au la Kiswahili. Hata hivyo, chujio halifuti kila kitu: sauti "k" imebaki katika lugha zote nne. Itazame pia katika "kuku" ya Kiswahili na "inkoko" ya Kirundi, na utaona kwamba ndege huyu ameacha alama yake popote alipofugwa.

Mabingwa wa lugha wamebishana juu ya jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1861 Max Müller, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Oxford, aliidhihaki nadharia isemayo kwamba lugha ya binadamu ilianza kwa kuiga milio ya wanyama. Akaibandika jina la mlio wa mbwa. Naye Ferdinand de Saussure wa Uswisi, ambaye mafundisho yake yalichapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alisisitiza kwamba maneno ya kuiga sauti ni machache, na kwamba hata hayo hubadilika kadiri miaka inavyopita. Alitoa mfano wa neno la Kifaransa "pigeon", yaani njiwa, ambalo limetokana na neno la Kilatini "pipio" lililoiga sauti ya kinda. Leo hakuna anayesikia kinda yeyote ndani ya "pigeon". Neno limevaa sare mpya, na asili yake imefichika.

Kinyume chake ni ndege aitwaye kekeo kwa Kiswahili. Wafaransa humwita "coucou", Wajerumani "Kuckuck", na Waingereza "cuckoo". Waingereza wa kale walikuwa na neno lao wenyewe, "geac"; lakini baada ya Wanormani kuiteka nchi yao mwaka 1066 na Kifaransa kuingia katika maisha yao, waliliacha neno la mababu wakachukua lile la Wafaransa, ambalo lilifanana zaidi na mlio wa ndege mwenyewe.

Barani kwetu yuko kekeo mwenye kifua chekundu, ambaye husikika sana mvua zinapokaribia, naye hutoa sauti tatu zinazoshuka moja baada ya nyingine. Walowezi wa Kiingereza walisikia humo sentensi kamili ya kwao, "It will rain", maana yake mvua itanyesha. Makaburu wa Afrika Kusini wakasikia "Piet-my-vrou", yaani Piet, mke wangu. Ndege ni yuleyule na sauti ni zilezile tatu, lakini mmoja amepata habari ya hali ya hewa na mwingine amepata habari ya nyumbani. Afisa anayepokea taarifa za mashahidi wawili kuhusu kelele moja ya usiku afadhali aukumbuke mfano huu. Kila mmoja wao huenda anasema kweli, na bado maneno yao yasilingane.

MAJINA TULIYO NAYO

Si haki kuwasifu Waingereza kwa "cuckoo" yao ilhali ghala letu limejaa. Kiswahili kina dudumizi, ndege wa vichakani mwenye mlio wa "du-du-du" unaofanana na maji yanayomiminwa kutoka chupani. Huyo huyo huitwa pia tipitipi. Kina hondohondo, mwenye mdomo mkubwa uliopinda. Kina kigogota, anayegogota magogo akitafuta wadudu, na jina lake ni mlio wa kazi yake badala ya mlio wa koo lake. Kina chiriku, ndege mdogo asiyenyamaza, ambaye watu wamemfanya kuwa mfano wa msemaji asiyejua kufunga mdomo.

Yuko pia kwarara, ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda anayetembea katika mabonde na malisho, na anayepiga kelele kubwa arukapo asubuhi na jioni. Waingereza humwita "hadada" kwa sababu ndivyo walivyomsikia. Linganisha "kwarara" na "hadada": konsonanti zimetofautiana, lakini irabu "a" imejirudia mara tatu katika kila jina, kama kwamba watu wawili waliosimama kwenye vilima viwili walisikia kilio kimoja.

Kirundi nacho hakikubaki nyuma. Bundi kwa Kirundi ni "igihuna", na mwenye sikio ataitambua silabi "hu" katikati ya jina. Waingereza husema bundi anafanya "hoot", na jina lenyewe la ndege huyo kwa lugha yao, "owl", asili yake ni kuiga sauti hiyo hiyo. Kunguru ni "igikona" kwa Kirundi na "crow" kwa Kiingereza. Kote mlio mkavu wa kooni umo. Na ndege mrefu mwenye taji la dhahabu ambaye Warundi humwita "umusambi" yumo katika jamii ambayo Waingereza huiita "crane", neno lililotokana na mzizi wa kale sana ulioiga kilio cha ndege hao. Kwa kuwa shingo yake ni ndefu na huinama na kuinuka, mashine ya kunyanyulia mizigo ilipewa jina lake, nasi tukaipokea kwa jina la kreni. Mpakuzi wa bandari ya Dar es Salaam asemapo kreni, kwa kweli anamtaja ndege bila kujua.

Neno moja juu ya bundi halina budi kusemwa. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mlio wake huhesabiwa kuwa mkosi, na wapo wanaompiga mawe. Ukweli ni kwamba huyu ni mwindaji wa panya, mwenye kufanya doria usiku bila kulipwa na bila kula nafaka za mtu. Mlio anaoutoa ni wa kulinda eneo lake na kumwita mwenzake. Mlinzi anayemfukuza bundi amemfukuza mlinzi mwenzake.

MDUDU HANA KOO

Tukitoka kwa ndege na kuingia kwa wadudu, mambo hubadilika. Ndege ana koo, mdudu hana. Sauti ya mdudu hutokana na viungo vyake vya nje, kama vile mtu anavyoweza kupiga ngoma au kukwaruza ubao.

Nyuki wa asali hupiga mabawa yake mara 230 hivi kwa kila sekunde, na mtikisiko huo wa hewa ndio tunaousikia. Mbu vivyo hivyo, ila mabawa yake hupiga kwa kasi kubwa zaidi, na kwa sababu hiyo sauti yake ni nyembamba. Na anayekuja shavuni kutafuta damu siku zote ni jike. Nyenje wa nyasini, yule ambaye Waingereza humwita "cricket", husugua bawa moja juu ya jingine: bawa moja lina meno madogo kama tupa, na jingine lina ukingo wa kukwaruza. Wanaolia ni madume, wakiwaita majike. Nyenje wa mitini, wanaopiga kelele kali mchana wa jua, wana vigamba viwili tumboni vinavyobonyea na kurudi haraka sana, mithili ya kifuniko cha kopo kinachobonyezwa na kuachiwa.

Kiingereza kimeyagawa mambo haya kwa maneno mafupi. Mlio wa nyuki au nzi ni "buzz", na msemaji huirefusha "z" ya mwisho hadi ulimi wake wenyewe utetemeke. Mvumo wa chini usiobadilika ni "hum", unaotamkwa kwa midomo iliyofungwa. Mlio mkali wa kukatika-katika, wa nyenje au wa ndege mdogo, ni "chirp". Neno "cricket" lenyewe lilitoka kwa Wafaransa wa kale, ambao walisikia kwa mdudu huyo mkwaruzo kama wa mlango mkavu.

Kiswahili kilichukua njia nyingine. Sisi husema nyuki wanavuma, nao upepo unavuma, na ngoma inavuma. Badala ya kuishika "z" ya mabawa, lugha yetu imeishika "v" na "u", yaani ule mzito wa sauti unaosikika kutoka mbali. Mwingereza ameusikia mlio wa nyuki mmoja aliye karibu na sikio. Mswahili amelisikia kundi zima lililo mtini. Wote wawili wamesikia sawasawa.

KUTOKA MZINGANI HADI VITANI

Sasa tufike kwenye silaha, kama tulivyoahidi. Mwanajeshi wa Afrika Mashariki hutamka neno "mzinga" bila kufikiri. Kwa asili mzinga ni gogo lililotobolewa ndani ili nyuki watie asali, na Warundi mpaka leo huliita "umuzinga". Bunduki kubwa za chuma zilipofika pwani, watu walitazama ule mwili mrefu wenye uwazi ndani wakaona ni mzinga mwingine, isipokuwa huu haukutoa asali. Bunduki ya rashasha nayo iliitwa bombom kwa mlio wake, kama vile pikipiki ilivyopata jina lake kwa mlio wa injini.

Waingereza nao walikwenda mzingani kutafuta jina. Nyuki dume, ambaye hakusanyi asali wala hana mwiba, huitwa kwao "drone", neno la kale ambalo asili yake ni kuiga mvumo wake mzito. Mwaka 1935 Uingereza ilianza kutumia ndege ndogo iliyoongozwa kwa redio bila rubani ili wapiga mizinga wajifunze kutungua ndege. Ikaitwa Queen Bee, maana yake Malkia wa Nyuki. Mwaka uliofuata Jeshi la Majini la Marekani, katika kazi ya namna hiyo hiyo, likachagua kwa ndege zake jina la "drone", na wanahistoria wengi huliona jina hilo kuwa ni mwangwi wa yule malkia. Hivyo basi neno lililoanza kama mvumo wa mdudu mvivu ndilo leo linalotaja chombo kinachoogopwa katika kila uwanja wa vita. Na kwa kuwa droni ndogo za siku hizi zina mapanga yanayozunguka kwa kasi na kuvuma kama nyuki, neno limerejea lilikotoka: askari huisikia kwanza kabla ya kuiona.

Kwamba mlio unaweza kuwa suala la kufa na kupona, wakazi wa London walijifunza mwaka 1944. Kuanzia tarehe 13 Juni mwaka huo Wajerumani waliwatumia mabomu yenye mabawa, yaliyoruka bila rubani na kutoa mngurumo wa kukatika-katika. Watu waliyaita "buzz bomb", yaani bomu linalovuma, na wengine wakayaita kwa jina la mdudu. Ilijulikana upesi kwamba hatari haikuwa katika mngurumo wenyewe. Hatari ilianza pale mngurumo ulipokatika, kwa maana injini ikinyamaza bomu lilikuwa linashuka, na zilibaki sekunde chache tu za kujitupa chini. Mji mzima ulijifunza kuogopa ukimya.

NYUKI WA TANGA

Afrika Mashariki ina kisa chake katika habari hii, nacho kimo katika historia ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanzoni mwa Novemba 1914 kikosi cha Waingereza cha watu 8,000 hivi kutoka India, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, kilishuka pwani ya Tanga ili kuuteka mji huo. Waliowangojea, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika waliozungumza Kiswahili.

Tarehe 4 Novemba mapigano makali yalizuka katika mashamba na vichaka vya kando ya mji. Mitini ilitundikwa mizinga ya nyuki. Risasi zilipoipiga, nyuki walitoka kwa hasira wakawavamia watu. Askari waliokuwa wamevumilia moto wa bombom walitupa silaha wakakimbilia baharini. Waingereza walishindwa, zaidi ya watu 800 wa upande wao waliuawa, walijeruhiwa au walitoweka, na bunduki na risasi nyingi walizoziacha zikawasaidia adui zao kuendelea na vita.

Baada ya hapo ukazuka uvumi. Ilisemwa, na magazeti yakasaidia kueneza, kwamba Wajerumani walikuwa wamefunga nyuzi za mtego kwenye mizinga ili nyuki wafyatuliwe mara adui anapopita. Hapakuwa na nyuzi yoyote. Lettow-Vorbeck mwenyewe alieleza baadaye katika kumbukumbu zake kwamba nyuki haohao waliwavamia wapiga bombom wake na kuwaondoa kazini wakati wa hatari. Nyuki hawakuwa na bendera. Lakini kwa mtu aliyeshindwa, kusema kwamba adui alifunza wadudu ni rahisi kuliko kusema kwamba mpango ulikuwa mbovu na upelelezi haukufanywa.

KUVUMA NA UVUMI

Hapa ndipo linapoingia lile neno la pili tuliloahidi. Litazame neno "uvumi" kwa makini. Limetokana na kuvuma. Mababu waliotunga lugha hii waliisikia habari isiyo na mwenyewe, inayopita nyumba hadi nyumba, nao wakasema inavuma: inasikika kutoka pande zote, inakua kadiri inavyosogea, na haiwezekani kumnyooshea kidole nyuki aliyeanza.

Ajabu ni kwamba Waingereza, bila kushauriana nasi, walifika mahali pale pale. Neno lao "buzz" lina maana ya uvumi pia, tangu karne kadhaa zilizopita. Na mwaka 2006 Wamarekani walipoanzisha mtandao wa kupashana habari fupi fupi, waliuita Twitter, neno linaloiga milio ya ndege wadogo wengi waliokusanyika mtini, nao wakachora ndege kuwa alama yake. Jina hilo lilibadilishwa kuwa X mwezi Julai 2023, na ndege akaondolewa. Lakini kelele za mtini hazikupungua.

Kwa polisi na mwanajeshi hili si suala la kamusi. Katika nchi za Maziwa Makuu, ambako damu nyingi imemwagika, uvumi umewahi kuwatoa watu majumbani mwao usiku, na umewahi kuwageuza majirani kuwa maadui kabla ya jua kuchomoza. Mlinzi wa usalama anayelipokea neno linalovuma na kulipitisha kama alivyolipokea amegeuka kuwa bawa moja katika kundi. Wajibu wake ni kuuliza maswali matatu ambayo nyuki hawezi kuyajibu: nani amesema, ameona wapi, na saa ngapi?

ASKARI WA KIFARU

Baada ya kusema mengi juu ya maneno, turudi kwenye sauti zenyewe, kwani ndizo zinazomfaa mlinzi lindoni. Nyenje wa nyasini ana viungo vinavyohisi mtikisiko wa ardhi na msukumo wa hewa. Mtu akisogea, walio karibu naye hunyamaza. Mlinzi aliyezoea mlio wao atatambua upande ambako ukimya umeanza, kama wakazi wa London walivyoutambua ukimya wa bomu. Hata hivyo, mbwa, ng'ombe au baridi ya ghafla pia huweza kuwanyamazisha. Ukimya ni sababu ya kutazama. Si sababu ya kufyatua risasi.

Ndege nao hutoa taarifa. Kanga wakishtuka hupiga kelele isiyosahaulika, na Warumi wa kale walisimulia kwamba mji wao uliwahi kuokolewa usiku na mabata bukini waliopiga kelele wakati walinzi wamelala. Lakini mfano mzuri kuliko yote uko katika Kiswahili chenyewe. Yuko ndege mdogo anayekaa mgongoni mwa wanyama wakubwa akila kupe, na Waswahili walimpa jina la askari wa kifaru. Mwaka 2020 wataalamu wawili, Roan Plotz na Wayne Linklater, walitangaza matokeo ya majaribio yao juu ya vifaru weusi nchini Afrika Kusini. Kifaru asiye na ndege huyo alimgundua mtu anayemnyemelea katika asilimia 23 tu ya majaribio. Aliyekuwa na ndege alimgundua kila mara, tena akiwa mbali kiasi cha mita 61. Jina la Kiswahili, ambalo mgeni angeweza kulidhani kuwa mzaha, lilikuwa taarifa sahihi. Mababu walikuwa wamechunguza, na matokeo ya uchunguzi wao waliyahifadhi katika jina.

Tembo pia wanajua maana ya kuvuma. Katika majaribio yaliyofanywa Kenya na kutangazwa mwaka 2007, Lucy King na wenzake waliwasikilizisha tembo mlio wa nyuki uliorekodiwa. Familia 16 kati ya 17 ziliondoka mahali pao katika muda wa sekunde 80. Kutokana na elimu hiyo wakulima wamezungushia mashamba yao nyuzi zilizotundikwa mizinga, na mlinzi wa shamba akawa ni mdudu.

Na kama yupo anayedhani kwamba sauti ni ileile kila mahali, amtazame mlembe, ndege anayewaongoza watu kwenye asali. Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji humwita kwa mlio wa "brrr-hm". Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 na Claire Spottiswoode na wenzake ulionyesha kwamba mlio huo huongeza nafasi ya kuipata asali kutoka asilimia 16 hadi 54. Wahadza wa Tanzania hawautumii mlio huo. Wao hupiga mbinja. Mwaka 2023 ikathibitishwa kwamba mlembe wa Uhadzani huitika mbinja ya Wahadza mara tatu zaidi kuliko mlio wa Wayao, na mlembe wa Uyaoni vivyo hivyo huwapendelea wenyeji wake. Hata ndege, basi, hujifunza lugha ya mahali.

YATUPASAYO

Tunaweza sasa kukusanya mafunzo. La kwanza ni kwa yule anayejifunza Kiingereza: asidhani kwamba "buzz", "hum", "hoot" na "chirp" atayajua bila kujifunza, kwa kuwa eti yanaiga sauti ambazo kila mtu huzisikia. Ni maneno kama maneno mengine. Ayaandike daftarini, ayatamke, na ajue maana zake za pili, kwani katika redio ya kikosi neno la nyuki dume huenda likawa onyo la shambulio kutoka angani.

La pili ni kwa yule anayeandika taarifa ya tukio. Mlio ulioelezwa na shahidi umepita katika sikio lake na lugha yake. Inafaa kumwomba auige mlio kwa kinywa chake, aeleze ulitoka upande gani na ulidumu kwa muda gani, kabla ya kuandika kwamba ulikuwa wa bunduki ya aina fulani.

La tatu linahusu urithi. Majina ya ndege na wadudu hujifunzwa nje, kwa kuonyeshwa na mkubwa anayeyajua. Watoto wengi wa Burundi walikulia mbali na vilima vyao, wengine katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, ambako jina la ndege lilisikika kwa lugha nyingine au halikusikika kabisa. Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, iliyoanzishwa mwaka 1980 na ambayo sehemu yake imo upande wa Muyinga, ina ndege wa kila namna. Lakini ndege asiye na jina kinywani mwa mtoto ni kelele tu. Askari anayetumwa mbali na kwao ana nafasi ambayo wengine hawana. Kila anakopangiwa kazi awaulize wazee: huyu anayelia alfajiri mnamwitaje, na mkimsikia hufanya nini? Atarudi na maneno mapya. Zaidi ya hayo, wazee watakuwa wamezungumza na mtu wa sare kuhusu jambo lisilo la hofu, na siku watakapoona la hatari watajua ni nani wa kumwambia.

Sikio, ndugu askari, ni silaha isiyohitaji risasi wala kibali cha ghala. Linahitaji mazoezi tu, nayo huanza usiku huu huu kwa nyenje wa kwanza atakayenyamaza.